Nilimwonea Wivu Mkimbizi

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, nikasaini karatasi za kustaafu. Wauguzi vijana wa wodi ya watoto waliniletea keki iliyoandikwa "Kwaheri Sista Reokadia". Jina langu ni Leokadia, lakini huku kwetu herufi hizo mbili hazijawahi kuelewana, na keki ilikuwa tamu vilevile. Tukiwa tunakula waliniomba niwaandikie machache ya miaka yangu ya kazi. Vyeo nilivyopata vimo kwenye faili, anayevitaka akavisome huko. Mimi nitaandika jambo moja ambalo halimo kwenye faili lolote.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya Nyarubungo, Biharamulo. Nilifika na sanduku la bati na sare mbili, moja ikinibana. Tabibu wa pale alikuwa Mzee Kaijage, Mhaya mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia nisivae sare siku hiyo. Nikae kwenye benchi la wagonjwa hadi saa sita, nisikilize.

"Kusikiliza nini, Mzee?" nikauliza.

"Wazazi," akasema. "Wakifika mbele yako watakuambia habari za mtoto. Habari zao wenyewe wanaziacha huko kwenye benchi."

Nilikaa. Nilisikia habari za mihogo, za mkwe na za mbuzi aliyekula daftari la shule. Niliona nimepotezewa asubuhi. Kesho yake akanifundisha kazi yenyewe: kuchemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, kumpima mtoto kwenye mizani ya kuning'iniza bila kumtia hofu, kufungua kope la chini kuona kama damu ipo. Akanifundisha pia kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto kwa ncha za vidole. "Polepole," alikuwa akisema. "Tumbo la mtoto ukililazimisha linakufungia mlango."

Nilifanya kazi naye miaka minne. Kisha nikaolewa na Sebastian, mwalimu wa shule ya msingi kule Ntobeye, nikahamia Ngara. Tulimpata binti yetu, Beatha. Alipokuwa na miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba kama ya mtoto aliyeumwa na nyuki, akalia siku tatu. Tulimpeleka hospitali, wakampima damu. Daktari alipoanza kutueleza nilikuwa nimeshajua. Ilikuwa sikoseli, ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao kutoka kwa baba na mama wote wawili, na haumwachi.

Sebastian alilia palepale kwenye korido, mbele ya watu, bila kuona haya. Mimi sikulia. Nilirudi nyumbani nikapiga pasi sare zangu zote, pamoja na ile iliyokuwa safi tayari. Mama mkwe akasema kwao hakujawahi kutokea ugonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo tutafute upande mwingine. Upande mwingine nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo sikumweleza mtu yeyote kazini kwamba mtoto wangu ni mgonjwa. Niliona muuguzi mwenye mtoto wa sikoseli ni kama fundi seremala mwenye nyumba isiyo na mlango.

Beatha alikuwa na miaka saba wakati Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo. Walioshuhudia hawahitaji kuelezwa, na wasioshuhudia sijui nianzie wapi. Vilima tulivyovijua kwa majani viligeuka vya maturubai. Mashirika yalikuja, wauguzi wenyeji wakatafutwa, nami nikaajiriwa katika hospitali ya kambi. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu wa karibu, kwa hiyo nilikuwa muuguzi na mkalimani kwa pamoja. Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Kaijage amesimama kwenye hema la watoto, nywele zimekuwa nyeupe, anapapasa bandama.

"Umenenepa," akaniambia. Ndiyo ilikuwa salamu yake.

Baada ya miezi ya kuhara na surua, mambo yalipotulia kidogo, Mzee Kaijage alianzisha kliniki ya Ijumaa kwa watoto wenye magonjwa ya kudumu. Wengi walikuwa wa kifafa na sikoseli. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wazazi. Kila Ijumaa nilisimama mbele ya akina mama na maneno yaleyale: mtoto anywe maji mengi tangu asubuhi, asipigwe na baridi, asinyeshewe, ameze vidonge vyake kila siku hata akiwa anacheza, akipata homa asisubiri hata saa moja. Niliwafundisha kupapasa bandama, maana ikivimba ghafla, mtoto anaweza kufariki siku hiyohiyo.

Katika akina mama hao alikuwapo Spesioza. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pengo la jino la mbele. Alikuja na binti yake Klodina, naye wa miaka saba, akiwa amebebwa mgongoni kwa sababu miguu ilikuwa ikimuuma. Mume wake na watoto wake wengine wawili hawakufika Tanzania. Alinieleza hivyo mara moja tu, kwa maneno machache kuliko haya, na kwa muda mrefu hakurudia tena.

Katika miaka yangu yote sijapata mwanafunzi kama Spesioza. Alitafuta kibuyu, akakitia alama kwa msumari, na kila siku Klodina alikunywa hadi kwenye alama. Alimshonea sweta kutokana na vipande vya blanketi. Bandama aliijua kwa vidole kuliko wauguzi wawili niliokuwa nao, na sitawataja. Baada ya miezi sita Klodina alikuwa anaruka kamba. Mashavu yake yalijaa. Mzee Kaijage alikuwa akimsimamisha mbele ya wazazi wengine na kuuliza, "Mnamwona huyu?"

Nilimwona, na hapo ndipo ubaya ulipoanza.

Nilikuwa natoka nyumbani Beatha hajaamka na kurudi jua limeelemea. Alikuwa anakaa na bibi yake, ambaye aliamini maji mengi yanaharibu figo za mtoto na kwamba kazi haijamuua mtu. Asubuhi za ukungu alimtuma bondeni kuchota maji pamoja na binamu zake. Nilikataza, akaitikia, akaendelea. Vidonge nilivyoacha mezani nilivikuta mezani. Kila baada ya wiki mbili au tatu Beatha alishikwa na maumivu ya mifupa, akajikunja kitandani, macho yamekuwa ya njano, na nikimkaribia aligeukia ukutani. Kisha kesho yake nilisimama kambini kufundisha namna ya kuyazuia maumivu hayohayo, na Spesioza aliyashika maneno yangu akayafanya afya ya mtoto wake.

Nilimwonea wivu. Kwanza nilimwonea wivu kwa sababu ya dawa na madaktari, nikijiambia kwamba mkimbizi anatibiwa kuliko mwenyeji. Hilo lilisemwa sana siku hizo kwenye masoko yetu, na lilinifaa, kwa sababu lilinifanya nionekane mwenye hoja. Lakini mimi mwenyewe nilijua kwamba kwa Spesioza dawa lilikuwa jambo dogo. Nilimwonea wivu kwa kuwa alishinda na mtoto wake mchana kutwa. Nilimwonea wivu kwa jinsi Klodina alivyomwegemea akisubiri mizani. Mwanamke asiye na mume, asiye na shamba wala nchi, nami mwenye vyote vitatu nilimtazama nikaona amenizidi. Nikianza kulikumbuka pengo lake la jino nilifarijika kidogo. Naandika hili ili mjue wivu unakotufikisha.

Ijumaa moja ya masika Spesioza alikuja mbio, Klodina mgongoni. Walinyeshewa njiani wakitoka kuchukua posho, na maumivu yalikuwa yamempanda kwenye mapaja. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya chini, ile ya mtoto aliyechoka kulia.

Kabla ya kuhisi huruma, nilihisi furaha. Ilikuwa ndogo na haikudumu, lakini ilikuwa furaha, na niliitambua. Ndani yangu nikasema, kumbe na wewe.

Mtoto wa namna ile hapangi foleni. Mlifundishwa hivyo, na aliyewafundisha wengi wenu ni mimi. Lakini nilichukua kadi yake nikaiweka chini ya kadi nyingine zote. Nikamwambia Spesioza, "Kaa pale, utaitwa."

Akanitazama. "Muganga," akaniita, kama walivyomwita kila mtu wa hospitali, "mtoto anaumwa."

"Wote hapa wanaumwa."

Akaenda akakaa. Sikusikia akilalamika. Nilisikia tu akimwambia mtoto, "Ihorere, ihorere," neno ambalo hata sisi Wahangaza tunamtulizia mtoto. Nilipima watoto wa kifafa ambao walikuja kuongezewa vidonge tu. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Mzee Kaijage alipotoka kwenye hema la pili akamkuta Klodina bado kwenye benchi, alimbeba mwenyewe bila kuuliza chochote. Alimpa dawa ya maumivu, akamwekea maji ya mshipani, akamfunika. Kisha akaja akasimama mbele ya meza yangu, akazichambua kadi hadi ya chini kabisa.

"Leokadia," akasema, "huyu mama amekukosea nini?"

"Hajanikosea, Mzee."

"Basi ni kwako. Kuna nini nyumbani kwako?"

Nikamjibu kwamba hakuna kitu. Akasimama akingoja, nikaendelea kuandika, akaondoka.

Haikupita hata wiki mbili. Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nakunja mashuka nilipoona baiskeli ya Sebastian ikisukumwa kwenye lango la hospitali. Kwenye kiti alichomtengenezea Beatha kwa mbao na mpira, mtoto alikuwa amefungwa kwa kanga asianguke, kichwa kimelala kifuani. Sebastian alikuwa amesukuma kutoka Ntobeye, vilima vyote vile. Alipita zahanati bila kusimama, maana alishajua watamwambia aendelee mbele.

"Ameamka hivi," akaniambia. "Mama Beatha, hana damu."

Nilifungua kope la mtoto wangu. Lilikuwa jeupe kama karatasi. Nilipapasa tumbo, bandama ikanigonga vidole kabla sijaitafuta. Mzee Kaijage akafika, akanisogeza kando kwa bega.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza.

"Wangu."

"Tangu lini ana sikoseli?"

"Tangu azaliwe, Mzee."

Akaanza kutafuta mshipa. "Na kila Ijumaa unasimama hapa," akasema. "Kwa nini hukumleta?"

"Kliniki ni ya wakimbizi."

"Nani alikuambia hivyo?"

Hakuna aliyeniambia. Watoto wa wenyeji walitibiwa katika hospitali ile tangu mwanzo, na mimi mwenyewe niliwaandikisha. Nilikuwa nimejifungia mlango uliokuwa wazi ili nisilazimike kusema mbele za watu kwamba yule ni wangu.

Damu ya Sebastian haikulingana. Yangu ililingana. Nilitoa chupa moja, nikalazwa kwenye kitanda cha turubai, na kutoka pale niliona damu yangu ikishuka tone kwa tone kwenye mkono wa Beatha. Jioni midomo yake ilianza kurudiwa na rangi.

Kesho yake mchana alikuwa anaweza kukaa, lakini hakutaka kula. Nilimpelekea uji, akafumba mdomo. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikambembeleza tena. Akageuka. Nikatoka nje kuvuta pumzi, na niliporudi nilimkuta Spesioza, aliyekuwa bado akimleta Klodina kuangaliwa kila siku, kando ya kitanda, kikombe mkononi, na Beatha akinywa. Klodina alikuwa ameketi miguuni mwa kitanda akimwonyesha Beatha alama za msumari kwenye kibuyu. Beatha alikuwa anacheka. Mimi sikuwa nimemsikia mwanangu akicheka kwa wiki nyingi.

Nilimnyang'anya Spesioza kile kikombe. Uji ulimwagika kwenye shuka.

"Huyu ana mama," nikamwambia.

Beatha akaacha kucheka. Spesioza alisimama polepole, akafuta shuka kwa upindo wa kanga yake, akanishika mkono akanitoa nje kama vile yeye ndiye muuguzi. Tulisimama nyuma ya hema, kwenye kamba za kuanikia nguo.

"Muganga," akasema, "mtoto wako haogopi uji. Anaogopa uso wako."

"Uso wangu una nini?"

"Ukimtazama, unamtazama kama mtu anayehesabu siku zilizobaki. Mtoto anaona."

Nilianza kumjibu kwa ukali, nikaacha. Nikamuuliza, "Wewe huhesabu?"

"Mimi?" Alicheka bila furaha. "Nimezika mmoja njiani kwa mikono yangu. Nahesabu kila siku. Lakini nahesabu nikiwa naenda kutafuta kuni. Huko nalia mpaka nimalize, nanawa kijitoni, ndipo narudi kwa Klodina. Wewe unalilia wapi?"

Nikamwambia silii.

"Basi ndiyo maana," akasema.

Nililia pale kwenye kamba za nguo, kwa mara ya kwanza tangu siku Sebastian alipolia kwenye korido, miaka saba na ushee. Spesioza hakunibembeleza. Alisimama akaziangalia nguo, akageuza moja iliyokuwa imekauka upande mmoja. Nilipomaliza akanipa upindo uleule wa kanga nikajifuta, ukiwa na uji. Nikarudi ndani. Beatha alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama nimetoka kukata vitunguu. Nikamwambia hapana, nilikuwa nalia kwa sababu anaumwa. Akafikiri, akasema, "Na mimi pia hulia." Akafungua mdomo nikamnywesha.

Kuanzia hapo Beatha alikuja kliniki kila Ijumaa, kwenye kile kiti cha baiskeli. Mama mkwe naye nilimleta mara moja, nikampa Spesioza amfundishe. Mimi alikuwa hanisikii, lakini mgeni alimsikiliza kwa adabu zote, na safari za bondeni zikakoma. Mzee Kaijage alibadilisha utaratibu wa Ijumaa. Kabla ya mizani, wazazi walikaa peke yao na kusema wao wanaendeleaje. Akina baba walikuja kwa shida, na wakija walizungumza kuliko wote. Baba mmoja wa mtoto wa kifafa alisema anamchukia mtoto wake siku za Jumatatu, akalia, na hakuna aliyemlaumu. Nilielewa kwa nini siku ya kwanza nilikalishwa kwenye benchi.

Msidhani wivu wangu uliisha. Klodina aliendelea kunenepa kuliko Beatha. Nilipomwona akiruka kamba, moyo ulinichoma palepale. Tofauti ni kwamba sikuwa nikiwalipisha wao tena.

Kisha wakimbizi wakaambiwa warudi kwao. Barabara ilijaa watu na mizigo, godoro juu ya kichwa, mbuzi kwa kamba. Spesioza alikuja hospitali kuchukua vidonge vya njiani. Nilimfungia vya miezi mitatu, nikamwandikia barua ya kuonyesha hospitali yoyote atakayofikia. Tulisimama kwenye lango. Nilijua sitapata nafasi nyingine.

"Mama Klodina," nikasema, "ile siku ya mvua, kadi ya mtoto niliiweka chini kwa makusudi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Niliona mkono wako." Alikuwa anamfunga Klodina sweta, hakunitazama. "Na mimi nina langu. Siku mume wako alipoingia na baiskeli, niliona mtoto aliyelala vile, nikaona na wewe umekimbia bila viatu. Nilikuwa nimekuonea wivu muda mrefu, Muganga. Nyumba unayo, na mume anayekusukumia mtoto vilima vyote hivyo. Nikafurahi kidogo. Baadaye ndipo nilipouchukua ule uji."

Alimpandisha Klodina mgongoni ingawa mtoto alikuwa mzima wa kutembea, wakaingia kwenye ule msafara. Nilimfuata kwa macho mpaka nikamchanganya na migongo mingine. Sikuwahi kupata habari zao. Nimeuliza watu wengi kwa miaka mingi.

Beatha aliishi hadi miaka ishirini. Alimaliza kidato cha nne, akaanza chuo cha ualimu, akawa na rafiki wa kiume ambaye Sebastian alijifanya hamjui. Alituacha kwa homa ya siku mbili akiwa likizo nyumbani, Sebastian akimshika mkono mmoja nami mwingine. Siku za mwisho alikuwa ananitania uso wangu. Alisema umejifunza.

Nilirudi kazini baada ya arobaini. Ijumaa ya kwanza alikuja mama mmoja kijana kutoka Nemba na binti wa sikoseli, mnene wa mashavu, anaimba. Mama mwenyewe alikuwa anacheka na jirani yake kwenye benchi. Nilisikia kitu kikinipanda kifuani, kilekile, sikuhitaji kuambiwa jina lake.

"Mama," nikamwambia, "leo nakuonea wivu."

Alidhani natania. Akacheka, akanikabidhi mtoto nimshike.